Cicily Kajuju, karani anayetilia shaka hesabu za wasomi

NCHIRU, Meru – Saa mbili na nusu asubuhi, Cicily Kajuju anavuta kiti karibu na dirisha la maktaba, anawasha kompyuta na kuandika jina la mhadhiri. Tarakimu kubwa inatokea juu ya ukurasa. Haitazami. Anashuka moja kwa moja hadi kwenye majina.

"Hiyo namba haiwezi kuniambia kitu," anasema. "Mimi nataka kujua ni akina nani wamemtaja."

Kabla ya kukubali kuzungumza nasi, alikagua kitambulisho changu mara mbili, kisha akampigia mhariri wangu kuuliza kama ananijua.

Kajuju, 47, ni karani katika chuo kikuu kimoja cha binafsi, kazi aliyoianza miaka kumi na tisa iliyopita akipanga vitabu. Mhadhiri anapoomba kupandishwa cheo, yeye ndiye huhesabu ni mara ngapi watafiti wengine wamenukuu makala zake, na ameziandika pamoja na nani. Anayenukuliwa sana huonekana mbele ya kamati kuwa msomi mzito.

Mwaka juzi alipokea faili la mhadhiri tutakayemwita Daktari Marete. Katika miezi kumi na minane, nukuu zake zilikuwa zimepanda kutoka 37 hadi 418.

"Kwanza nilifurahi. Ni mtu wa kwetu Laare, tumesali kanisa moja," anakumbuka. "Halafu nikajiuliza, ni nini hii ameandika dunia yote inasoma, na hapa kwangu hakuna mwanafunzi hata mmoja amewahi kuiulizia?"

Alinunua karatasi ya manila. Akaandika jina la kila mtu aliyemnukuu Marete, kisha akachora mishale kuonyesha nani kamtaja nani. Mishale mingi ilizunguka kwa watu saba tu, wote wakiwa wameandika makala pamoja na Marete. Hata makala yao kuhusu ufugaji wa nyuki ilinukuu utafiti wake wa udongo. Kati ya zile nukuu 418, saba hao walikuwa wametoa 366.

Hakukimbilia kumhukumu. "Watu saba kutajana si dhambi. Wanaochunguza wadudu wa ndengu kule Kiambere ni wachache. Watataja nani kama si wenzao?"

Akaanza kuwatafuta. Watano hawakuwa na anwani wala simu. Wa sita hakujibu. Wa saba, Njeru Nthiga, aliyetajwa kuwa mwandishi mwenza wa makala tisa, alipatikana Embu. Ni fundi wa maabara aliyestaafu.

"Makala gani, madam?" Nthiga alimuuliza kwenye simu. "Mimi nilipima udongo wa Kiambere, nikapatia daktari majibu. Kuandika sijawahi andika."

"Mzee, jina lako liko kwa makala tisa. Moja ni ya nyuki."

"Sasa mtu akiniuliza habari ya nyuki, nitamwambia nini?"

Hiyo ilikuwa Ijumaa alasiri. Jumatatu asubuhi, Marete alikuwa amesimama mbele ya meza ya Kajuju, akitabasamu.

"Kajuju, kazi yako ni kuhesabu," alimwambia. "Upelelezi una wenyewe."

"Nani alimwambia nimepiga simu? Mzee anaapa si yeye," Kajuju anasema. "Mpaka leo sijui." Tangu siku hiyo akawa anafunga droo kwa ufunguo hata akienda kunywa chai, na ile manila akawa anarudi nayo nyumbani ndani ya kiondo.

Kwenye fomu aliandika tarakimu mbili: 418, na chini yake 52, zile zilizotoka nje ya kundi la saba. Akaambatisha barua iliyotiwa sahihi na Nthiga, ikisema hakuandika makala hata moja. Mkuu wake alimtaka aifute tarakimu ya pili. Alikataa.

Kamati ilirudisha faili bila maelezo. Marete aliondoa ombi lake, baadaye akahama chuo. Kajuju naye alipelekwa chumba cha nyuma kushona vitabu vilivyochanika, akakaa huko miezi minane, hadi kamati mpya ilipomrudisha na kuagiza waandishi wenza wote wawe wakipigiwa simu.

Tulipompigia Marete, alisema hayo ni maneno ya makarani, akakata simu.

Nthiga ameandikia majarida matano akitaka jina lake liondolewe. Mawili yamejibu.

"Watoto wangu watakuta hayo mambo huko nikiwa nimekufa," anasema nyumbani kwake nje ya mji wa Embu. "Watafikiri baba yao alikuwa mwongo."

Septemba hii Kajuju anaanza masomo ya shahada ya ukutubi, darasa la Jumamosi. Anataka kuchunguza jinsi majina ya watafiti wa Meru na Embu yanavyoungana. Msimamizi wake ameshapendekeza waandike makala pamoja.

"Ni mtu mzuri, sina neno mbaya na yeye," anasema Kajuju. "Lakini nimemwambia kwanza tuandike kwa karatasi, tuweke sahihi wote wawili, ni ukurasa gani ataandika yeye."