Kinyozi Bayumi na Vidonge vya Mafuta

Bayumi alikuwa kinyozi mjini Tanta, na wateja walifuata mdomo wake kuliko mkasi wake. Alipougua kisukari, daktari alimwongezea vidonge vya kushusha mafuta ya damu, akamwonya asiviache hata akijisikia mzima.

Kwenye harusi moja ya ukoo, kaka yake Metwalli alimwona akivimeza, akapaza sauti: “Mtazameni bibi mgonjwa! We Bayumi, marehemu baba alikunywa samli kwa kikombe akazeeka nayo. Hivyo vitakuharibu ini!”

Wageni wakaangua kicheko. Bayumi, aliyezoea kuchekesha na si kuchekwa, alivitupa jalalani, akajipakulia bata aliyeogelea kwenye samli. Hakuvigusa tena.

Mwaka haukwisha, kiharusi kikamwangusha dukani. Mkono wa kulia ukafa, na ulimi pia. Sasa Metwalli ndiye anayemlisha, na kila mgeni anayekuja kumjulia Bayumi hali, Metwalli humwambia, “Ni vile vidonge, ndugu yangu. Nilimkataza asivimeze, hakusikia.”

Bayumi husikia kila neno. Hufungua kinywa amjibu, yakatoka mate matupu.

“Mnaona?” Metwalli husema, akimpangusa kidevu. “Hata mwenyewe anakiri.”