Mnyoo wa Armgarð

Armgarð alikata samaki kiwandani miaka kumi na tisa, mpaka bega likagoma. Ndipo akapata kazi kwenye kituo kidogo cha utafiti ng'ambo ya ghuba: kuchambua matope yaliyozolewa chini ya bahari, kombe huku, kaa kule, minyoo kwenye chupa yao.

"Umeacha samaki ukafuate chambo," wenzake wa zamani walimtania dukani.

"Chambo hakina msimamizi wa kunifokea," aliwajibu.

Mwaka wa sita, chini ya hadubini, alimwona mnyoo mdogo kama punje ya mchele. Alikuwa na nywele ngumu ubavuni kama jamaa zake, ila kwenye pingili ya saba nywele hizo ziligawanyika ncha mbili kama uma. Akatafuta wiki nzima, akapata wengine watatu. Kisha akamwita Hergeir, mtaalamu wa minyoo, mtu mpole aliyezoea kula mkate na nyama kavu ya kondoo palepale kwenye meza ya matope.

Hergeir alitazama mpaka akausahau mkate mkononi.

"Huyu hayumo katika kitabu chochote," alisema. "Nitamwandika, Armgarð. Nitampa jina lako."

"Mume wangu apate cha kunichekea? Mpe la ghuba."

"Ghuba haikukodoa macho wiki nzima."

Hakubisha tena. Jioni alimchora mnyoo yule nyuma ya bahasha akamwonyesha mumewe, wala mume hakucheka.

Lakini kuandika spishi mpya ni kazi ndefu. Pingili zihesabiwe, kila unywele upimwe, mnyoo alinganishwe na wenzake walio katika makumbusho ya mbali. Hergeir aliandika, akachora, akafuta, akaahirisha. Miaka minne ikapita. Kituo kikafungwa, chupa zikapelekwa ghalani, na huko vifuniko vikapasuka kwa baridi, spiriti iliyowahifadhi minyoo ikakauka. Yeye na Armgarð walipokuja kufungua, minyoo wote wanne walivunjika kwa kuguswa tu na brashi.

"Michoro yako haitoshi?" Armgarð aliuliza.

"Lazima awepo mnyoo mwenyewe wa kuwekwa makumbushoni. Bila hivyo hakuna jina."

Kiangazi hicho walitoka na mashua mara tatu, mahali palepale yalipozolewa matope yale. Sasa vizimba vya kufugia samaki aina ya samoni vilikuwa vimetanda juu yake. Matope yalipanda meusi kwa kinyesi cha samaki hao, yananuka mayai viza. Armgarð aliyachambua yote kijiko kwa kijiko, siku kumi na moja. Alikuta minyoo wekundu wapendao uchafu, maelfu kwa maelfu, na hakuna kingine.

"Ilinipasa niandike mwaka uleule tulipompata," Hergeir alisema. "Nisamehe."

"Ungeandika, na mnyoo angekufa vilevile," Armgarð alisema, akifuta kibano chake. "Ila angekufa ana jina."

Hergeir alimwomba wajaribu tena mwaka unaofuata. Akakubali, ingawa wote wawili walikuwa wameshasikia kwamba kibali cha vizimba kimeongezwa miaka kumi na miwili.