Kitanda cha Sabini na Mbili

Mpishi mkuu wa hospitali aliingia ofisini bila hodi, bakuli la supu mkono mmoja, kikaratasi mkono wa pili.

"Bi Mitambo, kitanda cha sabini na mbili kiko wapi? Juu ya paa?"

Bi Mitambo, mwandishi pekee wa programu za kompyuta pale, alikitazama kikaratasi. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili tu, na supu isiyo na chumvi ilikuwa ya kitanda cha saba. Hapo alilazwa mama mkwe wake. Yule yule aliyeutangazia ukoo mzima kwamba mkwewe analipwa kwa kukodolea macho kioo. Sasa alikuwa na njaa, na ushahidi.

"Nipe dakika tano, dada."

"Ikipoa, utamweleza mwenyewe."

Programu, aliyoiandika kwa C, lugha ya kompyuta, ilipokea maagizo ya wauguzi, ikasaka neno "kitanda" na tarakimu zinazolifuata, kisha ikachapa kikaratasi cha jikoni. Lakini C haikupi namba mkononi. Inakuonyesha inapoanzia na inapoishia, kama jirani anayekuelekeza dukani bila kunyanyuka kitini. Kunakili ni juu yako. Na ukishanakili uweke alama ya mwisho, la sivyo masalia ya zamani yanasomwa pia.

Alama hiyo Bi Mitambo hakuwahi kuiweka. Miaka miwili vitanda vilikuwa tisa, tarakimu moja moja, kosa likalala fofofo. Jana vikaongezwa vitatu. Leo kitanda cha 12 kikaagiza uji, kikafuata cha 7. Saba ikaketi juu ya moja. Mbili ikabaki pale pale.

"Yaani umepakua supu kwenye bakuli lenye uji?" mpishi aliuliza alipoelezwa.

"Ndiyo, dada."

"Na ukasomeshwa!"

Bi Mitambo akaongeza mstari mmoja, wa kuweka alama ile. Akajaribu 12, kisha 7. Kikatoka kikaratasi: 7. Akalibeba bakuli mwenyewe hadi wodini.

"Shikamoo, mama. Kosa ni langu, si la jikoni."

Mama mkwe alikunywa vijiko vitatu kwanza, kisha akakigeuza geuza kikaratasi.

"Kwa hiyo wewe ukikosea, wodi nzima hatuli?"

"Hamli, mama."

"Kumbe ni kazi." Akanywa tena. "Mwambie mume wako nimesema, leo vyombo aoshe yeye. Na hii supu, chumvi mmemwachia nani?"