Figa la Tatu

Mama Pulchérie alikuwa mjane, muuza mawese, mwenye sauti ya kurudisha mtumbwi uliokwisha ondoka ufukweni. Vita vilipotumwaga mjini Baraka, kando ya ziwa, mwaka 1999, alifungua ghala la pamba la marehemu mumewe akatuingiza sisi wanawake tusio na pa kulala, pamoja na watoto wetu.

"Hapa haiko hôtel!" alimkemea kila aliyefika, huku tayari anampokea mtoto mgongoni.

Vita vya kwanza, vile vya 1996, yeye mwenyewe alikimbilia Kazimia, akapika miezi mitatu kwenye moto wa watu huku akisemwa kila chungu kinapochemka. Hakusahau. Kwa hiyo ghalani kwake kila mwanamke alikuwa na mafiga yake matatu. Mawili uliyaokota mwenyewe. La tatu sharti ulipewe na mmoja wetu. Ukilipata, wewe ni mwenyeji, hakuna wa kukutoa. Siku tatu zikipita hujalipata, utafute kwingine.

Sote tulipewa siku ileile tuliyofika, mpaka alipokuja Uwamwiza kutoka Bibokoboko na watoto wawili. Huko milimani wanaume wa kwao, wafugaji, na wa kwetu walikuwa wanauana, na mume wa mwenzetu Dorothée alifia huko.

"Ule akibakia, mi natoka," Dorothée alisema.

Hakuna aliyempa Uwamwiza figa. Hata mimi, na nilimwona mwanawe mdogo akikohoa. Naona haya mpaka leo.

Siku ya tatu ikafika, Uwamwiza bado ana mafiga mawili. Figa moja haliinjiki chungu, na mawili vilevile. Mama Pulchérie alikuwa radhi kumbakiza, lakini sheria ilikuwa yake na ukaidi wake pia. Akampa angalau zamu ya kutupikia sote ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwenye meko yake mwenyewe, nasi tukaenda shamba.

Tuliporudi saa sita, njaa inatuuma, moto haujawashwa. Uwamwiza ameinamia beseni, jasho linamtoka, anang'oa vichwa vya ndagala kimoja kimoja! Samaki wasiozidi kidole! Vichwa vimejaa sahani, na beseni halijafika hata nusu.

"Unafanya nini, mama?" Dorothée aliuliza. Ndilo neno lake la kwanza kwake.

"Naondosha vichwa. Kwetu tunakunywaka maziwa, mi sipikaka samaki. Niliona haya kuwapa bamama chakula chenye macho."

Dorothée akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, nasi tukaambukizwa, Mama Pulchérie akashika mbavu. Kisha tukaona Dorothée analia, tukaacha kucheka.

"Kichwa ndio utamu, wee!" alisema akijifuta. "Bwana yangu alikuwa anakulaka vichwa tu. Mi alikuwa ananiachia mikia."

Akachukua ile sahani ya vichwa, akaviosha vizuri. Halafu akaenda mekoni kwake, akang'oa figa moja lenye masizi, akalileta na kulipanga kando ya yale mawili ya Uwamwiza. Akalitikisa kuona kama limekaa sawa.

Uwamwiza alifunika uso kwa kitenge.

"Sasa wewe umebaki na mawili," Mama Pulchérie alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Utapikia wapi?"

"Kwake," alijibu Dorothée.