Nilibonyeza "Ndiyo", Nikaiona Nyumba ya Pili ya Mkwe Wangu

Admin, niwie radhi kwa kimya changu. Mara mbili umeniuliza, "Mzee, mbona kisa hukukimaliza?" nami nikasoma nisijibu. Leo nakisimulia chote hadi kilipofikia. Jina langu lifiche, na la binti yangu nimelibadilisha.

Mimi ni mgane wa miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mkazi wa Muyeye, Malindi. Maisha yangu yote nimefundisha kwamba neno moja likikosewa, maana nzima huharibika. Sikujua kwamba somo hilo lingenirudia mwenyewe.

Binti yangu, nitamwita Rehema, ni fundi cherehani. Huu ni mwaka wake wa saba katika ndoa, na hawajajaliwa mtoto. Mumewe ni mpishi katika hoteli moja ya Bofa, kule Kilifi. Siku za kazi hulala huko, na hurudi Malindi kila Jumatatu. Mke wangu alipofariki, mkwe wangu huyo aliniona nimebaki peke yangu, akaniletea kisanduku cha kuchomeka kwenye televisheni. "Baba, filamu siku hizi ziko katika huduma nne tano, kila moja na mlango wake," akaniambia. "Hiki kinakuwekea zote kwenye ukurasa mmoja. Hutahangaika." Akakifungua kwa akaunti yake mwenyewe. Juu kabisa pana safu iitwayo "Endelea kutazama", inayoonyesha kila ulichokianza, kiwe kimetoka huduma yoyote. Mimi hupenda filamu za safari za jangwani. Rehema akifunga duka huja kuketi nami, tukatazama pamoja hadi chakula kiive.

Siku moja kisanduku kikaniuliza: "Unganisha nyumba zote?" Nilicheka. Nilidhani mfasiri alikusudia ukurasa wa mwanzo wa kila huduma, akauita "nyumba" kwa kutojua lugha. Nikamsahihisha kimoyomoyo, kisha nikabonyeza "Ndiyo". Kumbe safari ile mashine haikukosea. Ilimaanisha nyumba, yaani kila nyumba ambamo akaunti ile imefunguliwa. Na kwetu pwani, mwanamume akisemwa ana nyumba mbili, hakuna anayefikiria matofali.

Kesho yake safu yangu ilijaa katuni za vifaranga. Nilidhani ni hitilafu, lakini ziliendelea kuja. Kila asubuhi kipindi kilekile cha vifaranga wanaoogopa mvua kilikuwa kimetazamwa tena, na kila mara kimekatizwa katikati, kama mtoto anapoitwa kunywa uji. Nyumbani kwangu hapana mtoto. Kwa Rehema hapana mtoto. Akaunti ile haikufunguliwa kwingine ila Bofa.

Nilikuwa ningali natafakari Rehema alipoingia, akatazama kioo. "Baba, vifaranga hawa ni wa nani?"

"Ni wangu," nikasema.

"Babangu, umerudi utotoni? Basi tuwatazame wote, usione haya."

Akaketi, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso yake. Mimi niliyewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko ule, nilitazama vifaranga hadi mwisho. Tangu siku hiyo nikawa nawafuta kwenye safu kabla hajafika.

Jumatatu moja mkwe wangu alikuja peke yake. Alinipa shikamoo, nikaitika marahaba, kisha nikamwuliza bila kuzunguka: "Kule Bofa unaishi na mtoto wa nani?"

Hakushtuka. "Wangu, Baba. Ana miaka mitatu. Mamake nimemwoa kwa kadhi."

"Dini imekuruhusu kuoa. Nani amekuruhusu kuficha?"

"Niliona filamu zako za jangwani zimetokea kule kwangu, nikajua umeshajua. Nikangoja useme. Hukusema. Kisha vifaranga wakaanza kufutwa." Akainamisha kichwa. "Baba, ukifuta hapa, kule pia wanafutika. Mtoto analia, anauliza nani anawaficha vifaranga wake."

Kisha akanyoosha mkono. "Nipe rimoti nizitenganishe nyumba hizi. Hutaona tena, na hutakuwa na la kusema. Rehema amenisimulia ulivyomwambia vifaranga ni wako. Sasa tuko wawili."

Sikumpa. Lakini sikumwambia Rehema pia, na hapo ndipo nilipofungiwa. Nikimpa rimoti, nimeridhia. Nikisema, Rehema hatauliza tu kuhusu mumewe. Atauliza, "Nawe Baba, ulijua tangu lini, ukaketi nami tukacheka?"

Jambo haliwezi kungoja. Binamu yake Rehema alifariki na kuacha mtoto wa kike huko Tezo, analelewa na bibi ambaye sasa haoni vizuri. Rehema anataka kumchukua amlee. Mumewe amekataa katakata, anasema, "Mtoto wa watu simwezi." Jana Rehema alinipigia magoti. "Baba, wewe anakuheshimu. Jumatatu akija, niombee. Mwambie nyumba bila sauti ya mtoto inanimaliza." Gauni dogo ameshalishona. Alilifungua kwenye karatasi anionyeshe pindo.

Nikimtaka mkwe akubali, najua atakubali, kwa kuwa ananiogopa kwa ninalolijua. Binti yangu atapata mtoto kwa bei ya kunyamaza kwangu, bila kujua. Nikisema kweli, huenda akavunjika na asimtake tena mtoto yeyote. Nayo asubuhi ya leo vifaranga wamekuja tena, nami nimeshindwa kuwafuta. Nimemfikiria yule mdogo wa Bofa ambaye hakukosa lolote.

Ninyi mliolea mabinti, na ninyi mabinti mliofichwa mambo na baba zenu, nishaurini. Nifanye nini kabla ya Jumatatu? Nikishakata shauri nitaandika hapa, na safari hii sitakikatiza katikati.