Ijumaa Akaunti ya Vuokko Inapojifunga

Vuokko Pöysti hamwamini mtu, na usifikiri ni roho mbaya, ndivyo alivyo tu. Ana sehemu yake kinamasini anakochuma beri za njano kila Julai, na hata kaka yake wa tumbo moja hajawahi kuonyeshwa. Akienda huko anaegesha gari upande mwingine kabisa halafu anazunguka kwa miguu, ili mtu akiliona gari aende kupotea.

Basi mtu wa hivyo mpe paswedi uone.

Kazi yake ni pale manispaa, mji mdogo wa mkoa wa Kainuu, kaskazini kwenye theluji. Anaskani picha za zamani za watu wa mji na kuziweka kwenye hifadhi kuu, ile seva ya ghorofa ya chini. Sheria za kuingia humo anazitunga Eila wa kompyuta, na jengo zima Vuokko peke yake ndiye anayezipenda. Jina la kuingilia ni herufi ndogo tupu, bila vinukta juu, kwa hiyo yeye huko ndani anaitwa vpoysti. Paswedi iwe ndefu, ichanganye herufi na namba na alama, isiwe jina lako wala la mbwa wako, na kila msimu unaibadilisha na hurudii ya zamani. Humpi mtu. Ukikosea mara tano akaunti inajifunga mpaka Eila aifungue mwenyewe. Wengine wananung'unika na kubandika vikaratasi chini ya kibodi. Vuokko anaandika yake huku amefunika vidole kwa skafu.

Sasa Januari akabadilisha paswedi kama kawaida. Ijumaa ya wiki hiyo kufika kazini, akaunti imejifunga. Eila akaifungua, akamwambia labda vidole vilikuwa vya baridi. Sawa. Ijumaa iliyofuata, tena. Na iliyofuata. Jumatatu mpaka Alhamisi shwari, Ijumaa imefungwa.

Hapo ndipo macho ya Vuokko yakahamia meza ya mbele yake. Hapo anakaa Jouni Rautio, kijana mgeni, bado yuko kwenye miezi ya majaribio. Mpole, haongei. Na Ijumaa, sikia hii, anafika kabla ya watu wote.

"Kijana gani anawahi kazini Ijumaa?" Vuokko alimwuliza mumewe, Taisto, wakinywa kahawa ya asubuhi.

Taisto alikuwa anabonyeza simu yake kama kawaida yake ya Ijumaa. Akasema labda kijana anayetaka kuwahi kutoka.

"Kwako wewe kila mtu malaika."

"Kwako wewe hata mimi mshukiwa, mama."

Kuanzia hapo kila alichofanya Jouni kikawa na harufu. Akimletea kahawa, anataka ainuke kwenye kiti. Akiuliza picha zimefika ngapi, anapeleleza. Asipouliza kitu, ndiyo mbaya zaidi. Mwishowe Vuokko akaenda kwa bosi, Marketta, akamwaga yote. Marketta akamwambia hilo ni jambo zito, mtu wa majaribio akijaribu kuingia akaunti ya mwenzake anarudi nyumbani siku hiyo hiyo, na kazi zenyewe mji huu unajua zilivyo haba. Akamwuliza kama ana uhakika. Vuokko akasema Ijumaa zote ni yule.

Wakaitwa wote wawili Ijumaa, ofisini kwa Marketta.

Asubuhi hiyo akaunti ikafunguka vizuri kabisa. Vuokko akatabasamu kwa ndani: anajua leo anaangaliwa, mjanja huyu. Akabeba laptopu yake ikiwa wazi, akaketi. Jouni akaketi mbele yake, kikombe mkononi, masikio mekundu. Marketta akaanza kumsomea maneno ya mkataba, na kijana akawa anaitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeshazoea kuondolewa mahali.

Simu ya Vuokko ikatetemeka. Taisto: *Nilikuwa kwa daktari wa meno, nimesahau. Nimewasha umeme wa kijumbani sasa hivi, jioni tutakuta joto.* Kila Ijumaa ya baridi anafanya hivyo, anabonyeza simu huku mjini, na kule ziwani kijumba chao kinaanza kupata moto; Jumapili wakiondoka umeme wanauzima. Vuokko akaiweka simu pembeni, akageuza laptopu amwonyeshe bosi ushahidi.

Akaunti imejifunga.

Akamwangalia Jouni. Mikono yote miwili ya Jouni ilikuwa kwenye kikombe.

Akasema anatoka kidogo. Kwenye korido akampigia Eila, akataka kujua nani huyo sasa hivi, dakika hii. Eila akatafuta, halafu akacheka.

"Mashine inaitwa Vuokko Kuukuu. Unamjua?"

Alimjua. Ni laptopu yake ya zamani aliyoipeleka kijumbani Krismasi, imechomekwa ukutani juu ya rafu, betri imekufa. Ikipata umeme tu inajiwasha na kukimbilia seva kuvuta picha, kwa paswedi ya vuli. Inakataliwa, inarudia, inakataliwa, mpaka mara ya tano.

Korido ilikuwa tupu. Eila hatamwambia mtu. Na mlango wa Marketta ulikuwa umefungwa, sauti ya bosi ikiendelea kusoma.

Vuokko akaingia bila kubisha.

"Acha kusoma, Marketta. Ni mimi. Mashine yangu mwenyewe, iko ziwani."

Akaeleza yote amesimama, na mwisho Marketta akaikunja ile karatasi aliyokuwa anaisoma akaitupa. Vuokko akamwuliza Jouni, sasa Ijumaa unawahi nini? Jouni akasema dada yake ana zamu ya mapema kiwanda cha maziwa, ndiye mwenye gari.

Jumatatu Vuokko alileta mkate mtamu wa iliki, trei nzima, akaiweka meza ya Jouni. Kwa watu wa huku hiyo ni hotuba. Jouni akala vipande viwili, kisha akasema.

"Nimekusamehe. Ila Julai unanionyesha pale pa beri."

Vuokko akafikiria, kwa kweli kabisa akafikiria.

"Paswedi nakupa leo," akasema. "Pale pa beri sahau."