Chokaa Aliyoizima Batuli

Batuli alipotoka eda, ukoo wa marehemu mumewe, Yasini, ulikaa kuamua nani abaki na tanuri la chokaa hapo Pande. Shemeji yake, Bakary, alilitaka. Wazee wakakubaliana hivi: Batuli achome tanuri moja peke yake, na watu wa mradi wa mafuta wakiikubali chokaa yake, tanuri ni lake. Wakiikataa, Bakary alichukue.

Mradi huo ulikuwa ukigeuza mafuta ya mbono kuwa dizeli. Mkemia wao, Agnes, binti aliyetoka chuoni juzijuzi, alikuja mwenyewe kumweleza. Mafuta huchanganywa na spiriti, alisema, na chokaa ndiyo inayoyachochea yageuke. Lakini iwe haijazimwa kwa maji, kama inavyotoka motoni.

"Isiguse maji, mama. Hata tone. Ipoe, uifunge kwenye pipa."

"Nimesikia," alisema Batuli. Alisikia kweli. Tangu Yasini azikwe alikuwa akisikia kila kitu, ila maneno yalimpitia kama ya redio ya jirani.

Alipanga makombe ya chaza juu ya magogo ya mkorosho mkongwe, akawasha, moto ukala hadi makombe yakawa meupe. Alipofungua tanuri alichota maji kwa kata, akanyunyiza. Chokaa ikafoka mvuke, ikapasuka, ikafumuka kuwa unga. Ndivyo inavyotolewa Pande: haiachwi bila kuzimwa isije ikamuunguza mtoto, na waashi hawaitaki vinginevyo. Yasini alikuwa akinyunyiza, yeye akichekecha. Safari hii alifanya yote mawili, akajaza pipa, akalifunga barabara kama alivyoagizwa, lori la mradi likalichukua.

Agnes alirudi Ijumaa, watu wakitoka msikitini, chupa mkononi. Bakary alishafika, amekaa barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Agnes aliinamisha chupa. Ndani mlikuwa na kitu kizito kama uji, chenye povu, kisichotiririka.

"Mafuta hayakugeuka. Mama, chokaa uliizima?"

Batuli aliitazama mikono yake. "Niliizima."

"Si nilikuambia?"

"Uliniambia."

Bakary aliangua kicheko. "Shemeji! Watu wanataka dizeli, wewe umewapikia sabuni! Basi wakaoshee lori lao."

Agnes hakucheka. Alisema angeweza kuwaomba wakubwa wake wampe nafasi nyingine, ingawa haahidi. Kisha akangoja Batuli aseme lolote: kwamba ni mazoea, kwamba alipitiwa, kwamba aachiwe achome tena. Batuli alijua hiyo ndiyo saa ya kusema. Aliyatafuta maneno, hakuyapata, wala kuyakosa hakukumuuma.

"Shemeji," alisema mwishowe, "kuni zilizobaki ziko nyuma ya banda. Zifunike, mvua itazilowesha."

Bakary aliacha kucheka. Akainuka, akaenda kuzifunika.